Nyama Iliyolala Jikoni kwa Mama Somoe

Haya, sogeeni karibu na sinia. Wewe kamua ndimu, wewe menya kitunguu saumu, na wewe mwenye makamasi kaa mbali na nyama yangu. Mikono ikifanya kazi masikio yanabaki huru, kwa hiyo nitawasimulia.

Hapo zamani za kale, enzi ambazo fisi walikuwa bado wanabisha hodi kabla ya kunyang'anya, alikuwepo Nguchiro mmoja, mjane, aliyeishi na binti yake Somoe. Watu wote walimwita Mama Somoe. Nyumba yao ilikuwa kichuguu cha vyumba viwili, jiko likiwa uani, na ua umezungushiwa miiba.

Mnamjua nguchiro? Ni mnyama mdogo, mrefu mrefu, anayetembea kwa haraka kana kwamba amesahau kitu motoni. Mdogo hivyo hivyo, lakini nyoka wakimwona wanahama mtaa.

Sasa siku moja nyoka mkali, swila, aliingia pangoni kwa Simba akajikunja juu ya kitanda cha watoto. Simba mwenyewe, na manyoya yake yote yale, alitoka mbio akasimama nje anatetemeka. Akaitwa Mama Somoe. Akaingia. Kwaru! Paa! Tuf! Akatoka na swila mdomoni.

Simba alifurahi mpaka machozi yakamtoka. Akamkatia mnofu mnene wa paja la nyati.

"Chukua, mama. Umeniokolea wanangu."

"Ahsante, baba. Na mnofu huu umekuja kwa wakati wake."

Kweli ulikuja kwa wakati wake, maana kesho yake alasiri wageni wa posa walikuwa wanakuja kumposa Somoe. Kijana alikuwa nguchiro wa ng'ambo ya mto, na Somoe alimpenda kijana huyo hata siku hizo akawa anatia chumvi kwenye chai. Tabu ilikuwa moja tu, nayo ni shangazi wa kijana, Bi Mize.

Bi Mize ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho, na tumbo lake lilikuwa na kumbukumbu. Nyumba ya kwanza aliyokwenda kuposa walimpa nyama ngumu. Akainuka, akajifunga kanga yake, akaondoka. Nyumba ya pili walimpa nyama laini isiyo na ladha yoyote. Huko hata maji ya kunawa hakuyasubiri.

"Mama," Somoe akasema akiushika ule mnofu, "nyati huyu alikuwa mzee. Tazama nyuzi zake, nene kama kamba za kitanda. Bi Mize ataondoka, na mimi nitabaki hapa mpaka nizeeke."

"Haondoki mtu. Lete ndimu."

Asubuhi na mapema Mama Somoe akaingia kazini. Sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo wengi wenu mtaaibika ukubwani. Akaikata nyama vipande vinene kama kidole gumba, kisu kikikatiza nyuzi, si kuzifuata. Akavitia kwenye chungu cha udongo, si sufuria, kwa kuwa ukali wa ndimu na bati havipatani. Wewe uliyekuja na sufuria, umenisikia? Irudishe.

Akakamua ndimu sita, chwaa! chwaa! Akakamua machungwa mawili, maana ndimu peke yake ni kali kama mama mkwe. Akakwangua ganda la chungwa, kwaru kwaru kwaru. Akatwanga kitunguu saumu na tangawizi, ndu! ndu! ndu! Chumvi kidogo, pilipili manga, kijiko cha mafuta ya ufuta. Akageuza, akageuza tena, akakifunika chungu kwa kawa.

"Haya," akasema akijifuta jasho, "na ilale mpaka alasiri."

Hata hajakaa, akasikia sauti mlangoni.

"Hodi!"

Alikuwa Fisi, pua imetangulia mwili. Nyuma yake alikuwa Chui. Wote wawili walikuwa hawako sawa siku hiyo. Fisi alifunga jani kwenye mguu wa mbele, kwani alfajiri alichanwa na miiba akiruka ua wa watu, na msimuulize alifuata nini. Chui alikuwa amevimba shavu. Jino lake moja la nyuma lilioza, likawa na shimo, akashinda anatafuna karafuu kutuliza maumivu.

"Hodi yetu ni ya adabu tu," akasema Chui. "Ukisema karibu tunaingia. Usiposema, tunaingia vile vile."

"Basi karibuni," akasema Mama Somoe. "Mna jipya gani?"

"Jipya unalo wewe!" Fisi akasema huku mate yanamdondoka. "Nimesikia harufu ya paja la nyati tangu jana. Sikupata usingizi."

"Pole. Yenyewe ndiyo kwanza imelala."

Fisi akasimama ghafla. "Nani kalala?"

"Nyama."

Nyinyi wajukuu zangu mnajua, maana mmelelewa jikoni. Tukisema nyama imelala, tuna maana imeachwa ikae na ndimu na viungo mpaka ikolee ladha na kulainika. Lakini Fisi hajawahi kupika tangu azaliwe. Yeye hula kinavyookotwa. Masikio yakamsimama, akainama, akaanza kunong'ona.

"Imelala... kabisa?"

Mama Somoe akafungua mdomo amweleze. Kisha akayatazama meno ya Fisi. Akazitazama kucha za Chui. Akalitazama jua, bado liko mbali na alasiri. Akaufunga mdomo, halafu akaufungua kwa namna nyingine.

"Kabisa. Nimeilaza kwa mikono yangu mwenyewe."

"Ebo!" Chui akanguruma. "Nyama ni nyama. Ilete hapa niile!"

"Bwana Chui, hilo jino linaendeleaje?"

Chui akashika shavu. "Baya."

"Basi nikuambie ukweli. Nyati huyu alikuwa mzee kupita babu yako. Ukimtafuna sasa hivi, hilo jino utaliacha humu uani kwangu. Nyama hii ikilala mpaka alasiri itakuwa laini hata kibogoyo ataila."

Chui akafikiri. Karafuu ikahama kutoka shavu hili kwenda shavu lile.

"Tutasubiri," akasema.

"Utasubiri na nani?" Fisi akalalamika. "Jino langu mimi halina neno!"

"Tutasubiri, nimesema!" Na Fisi akakaa chini, kwa sababu Chui akisema hivyo mara mbili, mara ya tatu huwa anasema kwa kucha.

Wakakaa kando ya jiko. Fisi hawezi kukaa kimya, nyote mnajua. Akatambaa mpaka kwenye chungu.

"Mama Somoe," akanong'ona, "huwa inakoroma?"

"Mimi sijaisikia. Sikiliza mwenyewe."

Fisi akategesha sikio kwenye kawa. Wakati huo huo tumbo lake, lililokuwa halijatiwa kitu tangu juzi, likalia: ngrrrr... ngrrrr...

"Lo! Inakoroma! Chui, njoo usikie, inakoroma!"

"Usipige kelele basi," Chui akasema, naye sasa anaongea kwa sauti ya chini bila kujua kwa nini.

Akapita kanga mmoja nje ya ua, ke-ke-ke-ke, anaita wanawe. Fisi akamkimbilia kwa ncha za vidole.

"Shhh! Huna adabu? Kuna nyama imelala humu!"

Kanga akamtazama juu mpaka chini. "Maskini," akawaambia wanawe, "njaa imempanda kichwani." Wakaenda zao.

Fisi akarudi, akakaa, akakuna kichwa. Akawaza kwamba nyama ikilala haraka itaamka haraka. Mama Somoe hakumwambia hivyo, msimsingizie. Aliwaza mwenyewe. Basi akaanza kuibembeleza, taratibu, kwa ile sauti yake ya mlango mkavu:

"Lala nyama, lala nyama ya paja,
Ukiamka utanikuta nangoja,
Mfupa wako nitautia mfukoni,
Lala nyama, mama yuko jikoni."

Chui aligeuza uso kwa aibu. Lakini alipoimba mara ya nne, mkia wa Chui ukaanza kufuata mdundo. Mara ya sita Chui akasema, "Hapo kwenye mfukoni unakimbia sana. Vuta kidogo." Na mara ya saba waliimba wote wawili.

Ndani ya nyumba Somoe alijiziba mdomo kwa kanga asicheke. Kisha kicheko kikamwisha, machozi yakamlengalenga.

"Mama, jua linakwenda. Alasiri ikifika hawa wataila yote. Bi Mize atakuja akute chungu kitupu."

"Naliona jua, mwanangu."

"Utafanyaje sasa?"

"Sijui," akasema Mama Somoe. Na kweli hakujua. Msidhani aliyepambana na swila haogopi. Kilichomwogopesha si meno ya Chui. Aliogopa kumwona binti yake anakunja nguo yake mpya ya posa na kuirudisha sandukuni.

Akasimama mlangoni akawatazama wale waimbaji wawili. Akaliona jani kwenye mguu wa Fisi, limelegea, na michubuko ya miiba inaonekana, mibichi kabisa. Akaangalia ndimu sita zilizokamuliwa pale chini. Tena akaangalia ule mguu.

Akajitwika mtungi.

"Nakwenda kisimani," akasema. "Wewe Fisi, sikiliza. Una vidonda. Usije ukatia mkono kwenye chungu kile. Itakuuma."

"Nyama?"

"Nimekwambia itakuuma. Na wewe Bwana Chui, na hilo jino lako, usionje. Utajuta."

Akatoka. Je, alijua kwamba ukimkataza Fisi jambo umemwagiza? Mimi nasema alijua. Wewe sema unavyotaka, ila usiache kukamua.

Hatua za Mama Somoe hazijapotea, Fisi kashafika kwenye chungu. Akainua kawa kidogo. Akachungulia.

"Chui! Imepauka! Ilikuwa nyekundu, sasa imepauka kama mgonjwa!"

Ndimu hufanya hivyo, huichuja nyama rangi ya juu. Fisi atajuaje?

"Ifunike," akasema Chui.

"Nachukua kimoja tu. Kile cha juu. Haitasikia." Akanyoosha mkono wenye vidonda, jani likadondoka, akautumbukiza kwenye ndimu. Chubwi!

Moja. Mbili.

"YALAAAA! Imeniuma! Imeniuma! Uwiii, imeniumaaa!"

Fisi akaruka juu. Akazunguka ua mara tatu akipunga mkono. Akapindua ungo, akakanyaga kinu, akajipiga ukutani, puu!

"Nini?" Chui akasimama, manyoya yamemsimama.

"Nyama! Imeamka! Imeniuma hapa, hapa hapa penye kidonda! Na bado inaniuma!"

"Bado? Si mkono umeshautoa?"

"Nimeutoa, nayo bado inaniuma!"

Chui akacheka mpaka karafuu ikamtoka. "Nyama yenye meno! Tangu nizaliwe sijaona mjinga kama wewe." Akachukua upawa kwa mapozi, maana yeye hujiona mstaarabu, akachota mchuzi wa ndimu, akaupuliza ingawa ulikuwa wa baridi, akautia mdomoni kwa mkupuo mmoja.

Ndimu ikapita kwenye ulimi. Ikapita kwenye meno mazima. Ikafika kwenye jino bovu, ikalikuta lile shimo, ikaingia.

Chui hakulia mara moja. Kwanza madoa yake yote yalisimama. Kisha:

"MAMA WEEEE! Jino langu! Imeniuma jino! Imejuaje liko wapi?"

Hakungoja mlango. Aliruka ua wa miiba kwa mruko mmoja, na Fisi nyuma yake, huyo! huyo! Njiani wakakutana na Mama Somoe anarudi na mtungi kichwani.

"Jamani mbona mbio? Alasiri bado!"

"Inauma! Inauma!"

"Si niliwaambia?"

Akaingia ndani, akatua mtungi, akanawa. Akakitoa kile kipande cha juu alichokishika Fisi, akakitupia siafu. Vingine vilikuwa salama. Akavigeuza, akafunika. Ndipo akakaa chini akacheka, na kucheka kukageuka kulia kidogo, na kulia kukarudi kuwa kucheka. Somoe akamshika bega.

Alasiri Bi Mize akafika na wazee wawili ambao kazi yao ilikuwa kutikisa kichwa. Mama Somoe alikuwa ameshatandaza makaa mekundu, yasiyo na moshi. Akalaza vipande juu ya waya mmoja mmoja. Chaaaa! Harufu ya chungwa, saumu na mafuta ikapanda. Hakuvichomachoma kwa kisu, wala hakuvigeuza kila dakika. Upande huu, basi. Upande huu, basi.

Bi Mize akatia kipande cha kwanza mdomoni. Akatafuna taratibu.

"Nyati huyu alikuwa ndama?" akauliza.

Hapo, wajukuu zangu, kusema ndiyo kulikuwa rahisi sana.

"Hapana, dada. Sikufichi. Alikuwa mzee, anakaribia kuanguka."

Bi Mize akaguna. "Mm." Akachukua kipande cha pili. Akachukua cha tatu.

Sasa harufu ile iliwafikia wale wawili kichakani, ikawavuta pua mpaka nyuma ya ua. Fisi akachungulia katikati ya miiba, akaona wageni wanakula. Na Fisi, kwa ubaya wake wote, siku hiyo akawaonea huruma.

"Jamani wageni!" akapaza sauti. "Acheni! Nyama hiyo inauma!"

Mkono wa Bi Mize ukasimama hewani. Akaurudisha chini. Akamgeukia Mama Somoe, na macho yake hayakuwa mazuri.

"Inauma? Mama Somoe, umetulisha kitu gani?"

Nyuma ya pazia, Somoe akafumba macho.

"Fisi," akasema Mama Somoe kwa utulivu, "ingia uwaeleze wageni. Eleza yote, usiache kitu."

Fisi akaingia akichechemea. "Ilikuwa imelala. Tukaibembeleza. Ilikuwa inakoroma. Mimi nikatia mkono, ikaamka, ikaniuma hapa. Mwenzangu huyu ikamuuma jino."

Chui naye akaingia, shavu limekuwa kubwa kama kifuu. "Mwanamke huyu ametuhadaa!"

Bi Mize akautazama mkono wenye michubuko. Akalitazama lile shavu. Akaziona ndimu sita zilizokamuliwa kando ya jiko. Midomo ikaanza kumcheza.

"Ililala wapi, hiyo nyama?"

"Ndani ya chungu," akasema Fisi. "Kwenye maji makali."

Basi Bi Mize alicheka! Alicheka mpaka kanga ikamdondoka begani, wale wazee wawili wakatikisa vichwa mpaka shingo zikawauma.

"Kulala kwenye ndimu ni kukaa ikolee, bwana we! Hukupata kuingia jikoni?"

"Si nilisema?" Chui akafoka. "Ametuongopea!"

"Amekuongopea neno gani? Litaje."

"Alisema nyama imelala."

"Ililala. Si mmesikia nilivyosema?"

"Aliniambia itaniuma," akasema Fisi.

"Na ilikuuma, au haikukuuma?"

Fisi akautazama mkono wake. "Iliniuma."

"Na mimi," akasema Chui, "aliniambia nisionje, nitajuta."

"Umejuta?"

Chui akashika shavu.

"Lipi jingine?"

"Alisema ikifika alasiri itakuwa laini!"

Bi Mize akanyoosha mkono, akachukua kipande cha mwisho kwenye sinia, akakitia mdomoni mbele ya macho yao. Akatafuna. Akameza. Akalamba vidole, kimoja baada ya kingine.

"Ni laini," akasema.

Kisha akamgeukia Mama Somoe. "Nyumba mbili nimetoka bila kunawa. Hapa naomba maji. Nyumba isiyodanganya wageni, na isiyokubali kunyang'anywa chakula chake, ndiyo ninayotaka kijana wetu aoe. Binti ni wetu, mkituridhia."

Desturi inasema binti anayeposwa asisikike hata kukohoa. Nyuma ya pazia, Somoe akapiga kigelegele chake mwenyewe.

Fisi na Chui wakatoka taratibu, huyu anapuliza mkono, huyu anashika shavu, na hakuna aliyewaaga.

Basi, ukisikia neno usilolijua, uliza kwanza maana yake, hata kama una njaa na una meno makubwa.